Firigisi ya Wanzala

Sella alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha akina mama, kikombe cha plastiki kikiwa katikati ya magoti, akijikamua. Alianza na titi la kulia kwa sababu ndilo lililokuwa na heri zaidi. Alilikanda kutoka kwapani kuja chini kama alivyofundishwa, akabana, akaachilia, akabana tena. Akina mama wengine walikuwa wakifanya vivyo hivyo, kila mmoja na kikombe chake, na hakuna aliyezungumza, maana kazi yenyewe inataka utulivu. Alipomaliza pande zote mbili, kikombe kilikuwa kimelowa chini tu. Hata nzi hangezama humo.

Sista Wangoi, muuguzi wa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, alikichukua kikombe, akakiinamisha, akajaribu kuvuta kwa sindano isiyo na ncha. Sindano ilivuta hewa.

"Mama, kwani huli?"

"Nakula, sista."

"Unakula nini?"

"Kile mnatupatia."

Walichopatiwa kilikuwa ugali na kabeji, na kabeji yenyewe ilikuwa imechemshwa hadi ikasahau kwamba ni kabeji. Sista Wangoi alikijua chakula hicho, kwa hivyo hakuendelea na mashtaka. Alikaa kwenye ncha ya benchi.

"Sikufichi," alisema. "Tumbo la mtoto wako limekataa maziwa ya mkebe. Jana tulijaribu tena, likafura. Huyu ni maziwa ya mama ama hakuna kitu."

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana aliyezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Alilala ndani ya sanduku la kioo lenye taa ya kumpa joto, mrija mwembamba ukipita puani hadi tumboni. Angewekwa kwenye mizani ya duka na pakiti ya sukari upande wa pili, wangetoshana. Hakuwa amepewa jina. Mtoto wa kwanza wa Sella alipewa jina mapema, akalichukua akaenda nalo mchangani, na safari hii Sella aliona afadhali jina lisubiri.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua ya El Nino. Mvua ilianza Oktoba, ikakataa kuondoka kama mgeni asiye na haya. Ilikata barabara, ikabeba madaraja, na kule Lindi, Kibera, ilihamisha vyoo kutoka pale vilipochimbwa. Sella alikuwa akifua nguo kwa watu wenye mageti ng'ambo ya Kawangware, na alifua hadi asubuhi ile alipoteleza kwenye matope na mtungi wa maji kichwani. Mtungi haukupasuka. Chupa ya uzazi ndiyo iliyopasuka.

Jumamosi sista Wangoi alimpa ruhusa ya mchana. Akaoge, alale, ale kitu.

Sella alipofika nyumbani kwake Lindi alimkuta Wayua jikoni, amechuchumaa mbele ya kuku. Wayua alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, Mkamba wa Kitui, na aliuza mizizi pale Makina, karibu na msikiti, kando ya akina mama wa Kinubi waliouza uwatu na ubani. Alikuwa na mzizi wa mgongo, mzizi wa tumbo, na mzizi ambao wanaume walinunua wakiangalia kando. Dawa yake ya kuongeza maziwa ilikuwa unga mwekundu wa mti wa kwao, uliochanganywa na uwatu wa kusagwa, na sharti lake lilikuwa moja tu: unga ukikutana na maji kabla ya kukutana na nyama, hulala, na ukishalala hauamki. Kwa hivyo Wayua aliupasua mfuko wa firigisi, akausafisha, akaujaza unga, akaushona kwa uzi mweusi, kisha akautumbukiza sufuriani pamoja na kuku mwenyewe.

Wayua alilelewa na nyanya yake katika nyumba isiyokuwa na mwanamume. Kwao firigisi ilikuwa ya yule aliyekuwa karibu na sufuria. Haikumpitikia kwamba palikuwa na jambo la kueleza.

"Dawa iko ndani," alimwambia Sella akiwa mlangoni, mwavuli mkononi. "Kula yote, usiniletee mchezo." Akakimbilia Makina kabla mvua haijamzuia.

Sella alikunywa supu yote. Alikunywa akiwa amesimama kando ya jiko, maana kwao mwanamke huketi kula wakishashiba wengine wote, na siku nyingi sufuria huwa imeshaoshwa saa hiyo ikifika. Alikula bawa, akala shingo, akafyonza mifupa hadi ikatoa mlio. Firigisi aliichota kwa kijiko, akaiweka kwenye sahani, akaifunika kwa sahani nyingine.

Firigisi ni ya mwenye nyumba. Sella hakufundishwa hivyo siku moja akaketi akasikiliza, alikua tu akiona. Mama yake aliifunika, nyanya yake aliifunika, na msichana aliyepatikana amedokoa alisemwa hadi siku ya harusi yake. Hakuijua ladha ya firigisi kama vile asivyoijua ladha ya chaki. Aliuona ule uzi mweusi, akashangaa kidogo, akadhani ni usafi wa Wakamba.

Wanzala alirudi jioni kutoka Kawangware alikokuwa fundi wa vitanda. Aliketi, akanawa, akafunua sahani. Aliila firigisi taratibu, kisha akavuta uzi kutoka katikati ya meno.

"Hii kuku ilifanyiwa opareshoni?"

"Ni Wayua."

"Wakamba, bwana," alisema Wanzala, akalamba vidole.

Alikuwa mtu mwema, na jambo hilo lisemwe mapema. Hakuwahi kumpiga mke wake, na mtoto wa kwanza alipokufa alilia mbele za watu. Lakini alizaliwa mwaka wa njaa, ndiyo maana akaitwa Wanzala, na mama yake alimlea kama mtu ambaye njaa inaweza kumrudia wakati wowote. Kitu kizuri kikiwa ndani ya nyumba kilikuwa chake kwanza. Hakukiomba wala hakukinyang'anya. Kilimjia.

Jumatatu alikuwa akipiga randa ubao wa kichwani wa kitanda pale karakana ya Kiragu, Kawangware, aliposikia shati limelowa upande wa kushoto. Alidhani paa linavuja, maana mwaka ule mapaa yote yalivuja, akasogea. Lile vujo likasogea naye. Baadaye likaanza upande wa kulia. Alifungua vifungo, akajitazama, akafunga vifungo, akaumaliza ubao. Halafu akamwendea mwenye karakana.

"Kiragu, natoa maziwa."

Kiragu alitoa kalamu nyuma ya sikio. "Mengi?"

"Yanalowesha mbao."

"Basi kaa chini. Mtu ananyonyesha hawezi kusukuma randa."

Karakana ilikuwa na kiti kimoja kizuri, cha kuwakalisha wateja. Wanzala alipewa hicho. Iliagizwa chai ya maziwa na mandazi, na Kiragu akampa kazi ya kuchagua misumari iliyonyooka na iliyopinda, kazi ambayo ingeweza hata kufanywa kesho au isifanywe kabisa.

Lenah alikuwa akiwapigia msasa na vanishi. Aliacha mkono ubaoni akawatazama.

"Mwaka jana nilirudi hapa mtoto akiwa na wiki mbili," alisema. "Nilipiga msasa maziwa yakidondokea hizi mbao. Ulinipa kiti, Kiragu?"

"Hukuomba."

"Na huyu ameomba?"

Kiragu alifikiri, maana hakuwa mtu wa kudharau swali. "Huyu ni mwanaume, Lenah. Hajazoea."

Jibu hilo lilikuwa kweli kabisa, na halikumsaidia Lenah hata kidogo. Alipangusa mikono kwa leso, akaja akaangalia jinsi Wanzala anavyojibana, akatikisa kichwa. "Wee! Usivute. Si ng'ombe hiyo." Akamwonyesha jinsi ya kukanda kutoka kwapani kuja chini, kisha akarudi kwenye msasa wake.

Mchana Wanzala alikwenda hospitalini. Askari wa langoni alimweleza kwamba wanaume huingia saa ya kuwaona wagonjwa tu, na hata hapo hawavuki korido ya watoto. Wanzala alimwonyesha shati. Askari alimpa pole ya dhati, akamwambia hata yeye ana watoto, lakini sheria ni sheria. Alichoweza kufanya ni kumwitia mke wake.

Walikwenda nyuma ya dobi, mahali pa kufulia pa hospitali, chini ya paa ambapo mashuka yalitundikwa yakingoja jua lisilokuja. Sella alimpa kikombe chake cha plastiki. Wanzala aliinama, akakanda kama Lenah alivyomwonyesha, na kikombe kikajaa hadi kikamwagikia vidole. Maziwa yalikuwa meupe na mazito, na yalinuka uwatu, harufu ya sukari nguru iliyoshika sufuria. Jasho lake lilinuka hivyo pia. Hapo Sella akaukumbuka ule uzi mweusi.

"Ile firigisi," alisema.

"Firigisi ilifanya nini?"

"Ilikuwa na dawa yangu."

Wanzala alikiangalia kikombe, akamwangalia mke wake. "Sasa ningejuaje?"

"Hata mimi."

Na ilikuwa kweli, hakuna aliyejua. Sella alisikia furaha, maana mtoto atakula. Papo hapo alisikia wivu. Haukuwa wivu mdogo. Ulikuwa ule wa mke aliyerudi safari akakuta mwenzake ameshaingia, amewasha jiko na amefunga kanga yake. Alivibeba vyote viwili, furaha na wivu, pamoja na kikombe, akavipeleka ndani.

Sista Wangoi alinusa kikombe. "Ni ya nani?"

"Ya baba yake."

Sista alivuta maziwa kwa sindano, akaipandisha ili hewa itoke. "Hapa kuna ya mama na kuna ya mkebe," alisema. "Ya baba hatuna. Nitasema ni ya mama." Akayapitisha kwenye mrija polepole, kisha wote wawili wakalitazama lile tumbo dogo. Halikufura. Baada ya muda mtoto alipiga mwayo.

Asubuhi yake daktari alipita na wanafunzi wake. Akaambiwa mtoto anapokea maziwa vizuri. "Hongera, mama," alimwambia Sella. "Endelea hivyo hivyo." Wanafunzi wakaandika. Tangu ajifungue, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa hongera, na haikuwa yake.

"Asante, daktari," alisema.

Wayua alipoambiwa, alicheka hadi akashikilia ukuta. Halafu kicheko kikakauka.

"Sella, kwani nyinyi hamli firigisi?"

"Wanaume ndio hula."

"Na dawa ya wanawake mnaiweka wapi?"

Sella aliomba atengenezewe nyingine. Wayua alimwonyesha debe lake: mzizi ulikuwa umekwisha, na barabara ya Kitui ilikuwa imekatwa, daraja limekwenda na maji. "Njia ikifunguka nakuletea," alisema. "Na hiyo utakula nikikuangalia kwa macho yangu haya."

Habari ilienea Lindi, ikavuka hadi mitaa ya jirani ya Makina na Soweto. Hakuna aliyeona ni jambo la kukesha likijadiliwa. Mzazi ni mzazi, na mzazi lazima ale. Mke wa Kiragu alituma njahi, yale maharagwe meusi, kutoka Kawangware, kwa sababu kwao njahi ndiyo huleta maziwa, na dume ama jike njahi haiulizi. Akina mama wa Makina walituma uji wa uwatu wenye siagi. Akina mama wa kanisa walileta unga wa wimbi, wakaomba, wakamwekea Wanzala mikono mabegani, wakamwachia kanga ya kujifunika. Vijana wa kibandani walimwita mama kwa utani, "Niaje, mathe!" naye akajibu, "Poa," akapita, na baada ya siku chache hata wao walizoea. Waliacha kuvuta sigara akikaribia.

Kila asubuhi na kila jioni alisimama nyuma ya dobi, Sella akapokea kikombe, akaingia nacho ndani. Mtoto aliongezeka. Mikunjo ya mapaja yake, iliyokuwa kama soksi kubwa, ilianza kujaa.

Daraja la kwao lilipotengenezwa, mama yake Wanzala alifika kutoka Busia na gunia la wimbi na kuku jike aliye hai. Mama huyo aliitwa Nekesa. Alimvua mwanawe shati, akamkagua, akamrudishia shati.

"Huyu nilimlisha vizuri," alisema. "Nilijua haitaenda bure."

Akapiga marufuku Wanzala kuinama, kubeba maji, kukaa penye upepo, na kukasirishwa. Maziwa hukimbia hasira. Sella alianza kurudi nyumbani mchana ili abebe maji, apike, kisha akimbilie hospitalini. Alirudi pia kufua kule kwenye mageti, siku mbili tatu kwa wiki, kwa kuwa kuchagua misumari hakulipwi kama kupiga randa. Akifika nyumbani sufuria ya njahi ilikuwa imefikia mwisho.

"Tulikuachia mchuzi," Nekesa alimwambia, bila ubaya wowote. "Si unajua mtu wa kunyonyesha ana njaa kama shimo."

Sella alijua. Ile njaa aliijua sana.

Hospitalini bado aliketi kwenye benchi akijikamua, ingawa hakuna aliyemwambia aendelee. Sista Wangoi alimkuta siku moja.

"Ungekula vile yeye anakula, hata bila dawa yangekuja," sista alisema.

"Nitakula, sista."

"Lini?"

Sella alifunga vifungo. Baada ya hapo aliacha kujikamua.

Mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani mwaka mpya ulipokuwa umeingia, mvua ikiwa imechoka lakini haijakubali. Akaitwa Nafula, jina la wasichana wa mvua, na sasa Sella hakuogopa kulisema. Wanzala alikaa kwenye kiti kilichowekewa mto, akafungua shati, na Nafula akamshika titi kana kwamba walikuwa wamepatana. Nyumba nzima ilinyamaza kusikia akimeza. Nekesa alipiga kigelegele. Sella pia alipiga, na hakikuwa cha uongo.

Wanzala alipolala, Sella alimchukua mtoto akamweka kwenye titi lake mwenyewe. Nafula alilishika. Akavuta, akavuta tena kwa bidii, akaachilia. Alitafuta ile harufu ya sukari nguru, akaikosa, akageuza uso akalia. Iliuma kuliko kumzaa. Ilimbidi Sella amwamshe mumewe.

Wayua alikwenda Kitui njia ilipofunguka tu, akarudi na uso mzito. Mvua ilikuwa imeozesha ile miti ya nyanya yake. Alipata mzizi mmoja mzima, na uliposagwa ulitoa unga wa kujaza firigisi moja. Mwingine ungetoka mti ukichipuka upya, na mti wenyewe hauna haraka.

"Ni wako," alimwambia Sella. "Na safari hii nashona mwenyewe, napika mwenyewe, nakulisha mwenyewe kama mtoto."

Jumapili Nekesa alimchinja yule kuku wa Busia, kwa ajili ya kumshukuru Mungu, na wageni wakaalikwa. Wayua alikuja jikoni mapema. Akajaza firigisi, akashona kwa uzi mweusi, akapika hadi nyama ikaiva. Aliichota, akaipuliza, akamwekea Sella mkononi ikiwa juu ya kifuniko.

"Kula sasa hivi. Hapa hapa, kabla hujaingia kule ndani."

Sella aliinua. Harufu ya uwatu ilimpanda puani, na matiti yake, ambayo hayakuwa na kitu, yalisikia yameitwa. Alijua hesabu yake. Akila leo, kabla ya wiki kufika katikati atakuwa na maziwa, Nafula atamgeukia, na yeye atakuwa mama wa mtu. Aliipeleka hadi mdomoni. Mdomo ukagusa uzi. Ndipo akagundua kwamba hajui hata inaliwaje, kama huumwa kando au huingizwa yote mara moja.

Ndani Nafula alianza kulia.

"Sella!" Nekesa aliita. "Leta chakula, mwanangu. Mtoto analia na baba yake hajala."

"Kula," Wayua alisema. "Sella, kula! Watangoja."

Sella alisikia sauti hiyo vizuri, na alitaka kuitii, alitaka kwa moyo wote. Lakini mkono ulijua njia yake tangu zamani. Ulishuka, ukaiweka firigisi kwenye sahani, ukaifunika kwa sahani nyingine. Miguu ikafuata.

Aliiweka mbele ya Wanzala. Wayua alikuja nyuma yake, akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Hiyo ni ya Sella," aliwaambia wote. "Ni dawa yake. Hakuna nyingine."

Wanzala alifunua. Aliiangalia firigisi, akauona uzi. Kisha akaigeuza sahani, akaisukuma upande wa mke wake.

"Basi kula wewe, Mama Nafula."

Hakuna aliyewahi kusema neno hilo katika nyumba ile wala katika nyumba iliyoizaa. Wanzala alikuwa amelisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempisha mwenzake njiani, na mkono wa Sella ulianza kuinuka kutoka magotini.

Nekesa alikuwa akinawa. Hakukasirika. Alitikisa maji vidoleni.

"Niulize tu, maana mimi sikusoma," alisema. "Sella ana maziwa?"

"Hana. Ndiyo maana ya dawa," Wayua alijibu.

"Na huyu?"

"Yeye anayo."

"Anayo. Na hiyo dawa ni moja." Alimchukua Nafula aliyekuwa akilia, akampakata. "Ya huyu yakikauka, na ya yule yasipokuja, mtoto huyu atanyonya nini? Mmeshamzika mmoja. Mwataka kubahatisha?"

Wanzala alimtazama mke wake, akasubiri, na alisubiri kwa haki kabisa. Sella alitafuta jibu. Kosa lilikuwa limekaa siku nyingi hadi limegeuka kuwa kweli: anayenyonyesha ndiye wa kula, na anayekula ndiye wa kunyonyesha. Hakuona penye mlango. Alimwona Nafula tu, mdomo wazi, akitafuta.

"Kula, Baba Nafula," alisema.

Wanzala alikula. Alivuta uzi kutoka katikati ya meno, akauweka kwenye ukingo wa sahani, akafungua shati. Nekesa alimpa mtoto, na kilio kikakatika.

Wayua aliweka mwiko chini. "Mimi nimeshindwa na nyinyi," alisema. Akachukua kikapu chake akaenda Makina, ingawa ilikuwa Jumapili na hakukuwa na wateja.

Sella aliwapelekea wageni ugali, akawapelekea nyama, akawapelekea maji ya kunawa. Walisema kuku ameiva vizuri. Walimsifu Wanzala kwamba baba kama huyo hajaonekana, na Kiragu, aliyekuwa amekuja na mkewe, akasema karakana nzima inajivunia. Hayo yote yalikuwa kweli. Sella alirudi jikoni na sahani tupu.

Shingo ilikuwa bado kwenye sufuria. Aliila akiwa amesimama, akimsikiliza mtoto wake akimeza.